Damu ya Kichanga
Mhadhara uliotolewa Somanda, Bariadi, kuhusu vitabu vipya vya sayansi ya uhai

 

Mmeniomba nizungumze juu ya vitabu vya siku hizi vya bioteknolojia, kompyuta na sayansi ya uhai. Nimevileta vinne, viko hapa mezani, na nitavifungua. Lakini niruhusuni nianze na vidole vya mtoto.

Mpwa wangu alizaliwa msimu wa kuchuma pamba. Alikuwa mtoto mnene, mchangamfu, kadi yake ya kliniki ikipanda vizuri mwezi hadi mwezi. Alipofikisha miezi saba, vidole vyake vilivimba, vya mikono na vya miguu kwa pamoja, vikajaa na kung'aa, ukimgusa analia mpaka sauti inakauka. Dada yangu alimpeleka kituoni wakampa dawa ya malaria. Uvimbe ukaisha, ukarudi. Macho yakaanza kuwa ya njano. Wakaja wenye kusema mtoto ametupiwa jicho, akachanjwa chale mgongoni. Alikufa kabla ya kutimiza miaka minne, kwa homa ya siku mbili, viganja vyake vikiwa vyeupe kama karatasi. Katika safari zote zile hakuna aliyempima selimundu. Na mimi wakati huo nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha nne. Nilikuwa nachora urithi wa vinasaba ubaoni kila mwaka, nikitolea mfano ugonjwa huohuo, na jioni napita kumjulia hali mtoto wa dada yangu.

Kuna swali moja ambalo sikujiuliza siku zile, na ndilo lililonifanya nivisome vitabu hivi. Kwa nini mtoto yule alikuwa mzima kwa miezi saba? Ugonjwa alizaliwa nao. Ulikuwa wapi?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1948, pale daktari wa watoto wa Brooklyn, Marekani, aitwaye Janet Watson, alipogundua kuwa damu ya watoto wachanga wenye selimundu haijikunji kwa wingi kama ya mama zao. Akahisi kuwa kichanga analindwa na aina ya himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Himoglobini, kwa wale ambao somo hili liliwapita, ni ile protini nyekundu ndani ya seli za damu inayobeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini F, yenye nguvu ya kuivuta oksijeni kutoka katika damu ya mama. Akishazaliwa, mwili unaifunga F polepole na kufungua ile ya ukubwani, A. Mwenye selimundu akifungua, inayotoka si A bali ni S. Miezi ile ya kwanza F bado ni nyingi, inamkinga. Ikipungua, S inabaki peke yake, na ikikosa oksijeni inashikamana nyuzi nyuzi, seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba. Mishipa ya vidole ni miongoni mwa inayoziba kwanza.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika maelekezo ya kutengeneza mnyororo mmoja wa himoglobini, herufi moja ya kinasaba imebadilika, A imekuwa T. Miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, ndiye aliyeonyesha kuwa tofauti ya himoglobini A na S ni kiungo kimoja tu cha protini. Herufi moja.

Sasa tufungue kitabu cha kwanza. Kinaitwa The Code Breaker, cha Walter Isaacson, kilitoka mwaka 2021. Kinasimulia maisha ya Jennifer Doudna, ambaye mwaka 2012, pamoja na Emmanuelle Charpentier, alieleza namna ya kuutumia mkasi wa vinasaba uitwao Krispa; mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mkasi huo haukubuniwa na mtu. Bakteria wanautumia kujikinga na virusi: wanahifadhi vipande vya vinasaba vya adui aliyewahi kuwavamia, na akirudi wanamtambua na kumkata. Doudna na wenzake waliuchukua wakauelekeza ukate mahali wanapotaka wao. Isaacson ni fundi wa kusimulia, hasa kuhusu watu wanaokimbizana. Kwangu mimi amekaa mno kwenye mbio hizo, nani aliwahi, nani alinyimwa hataza, nani alimnunia nani. Lakini anafika Nashville, Julai 2019, ambako mama mmoja Mmarekani mweusi, Victoria Gray kutoka Mississippi, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani kutibiwa kwa mkasi huo. Maumivu yaliyomlaza hospitali tangu utotoni yalikoma. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba.

Nawaomba msikilize hapa kwa makini, kwa sababu wengi, hata waandishi wa magazeti, hupakosea. Hawakuisahihisha ile herufi. Herufi mbovu ya Victoria Gray ipo mpaka leo. Walichofanya ni kuchukua seli mama za damu kutoka mwilini mwake na kukata sehemu ya kinasaba kingine kabisa, kiitwacho BCL11A, ambacho kazi yake ni kuifunga himoglobini F mtoto anapokua. Swichi ikakatwa. F ikafunguka upya. Kwa maneno mengine, sayansi ya gharama kubwa imemrudishia mama wa miaka thelathini na minne damu ya kichanga. Yaani ile miezi saba ya mpwa wangu.

Na hiyo swichi ilijulikanaje? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mtu ana herufi takriban bilioni tatu za vinasaba. Ukitaka kujua ni ipi inayowafanya watu wengine wabaki na F nyingi ukubwani, unachukua damu ya mamia ya watu, unasoma maelfu kwa maelfu ya alama katika vinasaba vyao, kisha unaiachia kompyuta ilinganishe: wenye F nyingi wanafanana wapi, wenye F kidogo wanafanana wapi. Jicho la binadamu haliwezi kazi hiyo hata likikesha maisha yote. Mwaka 2007 na 2008 tafiti za namna hiyo zilionyesha kidole kwenye BCL11A.

Hawa watu wa hesabu hizo si wa Ulaya na Marekani peke yao. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na kundi lao limekuwa miongoni mwa makubwa duniani. Kutokana na kundi hilo, mwaka 2014 Mtanzania mwenzetu Siana Nkya alikuwa mwandishi wa kwanza wa utafiti uliopekua vinasaba vyote vya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Kitanzania kutafuta kinachoamua kiasi cha F. BCL11A ikajitokeza hapa pia, katika damu yetu. Vijana wa mchepuo wa sayansi, hilo liandikeni kwenye madaftari yenu, kwa sababu vitabu vinavyouzwa kwenye viwanja vya ndege vinaruka kutoka Boston hadi California bila kutua Muhimbili.

Niseme na jambo la zamani zaidi, maana ndilo linaloniuma. Kwa nini kinasaba hiki kibaya kimejaa kwetu? Aliyejibu ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, mtoto wa mkulima wa Gilgil. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu, akaona ajabu: watu wa pwani na watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walikuwa na alama ya mundu kwa zaidi ya asilimia 20, na wa nyanda za juu hawana au wanayo kidogo sana. Akafikiri: mahali penye mbu. Mwaka 1953 akarudi, akapita Uganda, Kenya na Tanganyika akikusanya damu ya maelfu ya watu. Na Nairobi akafanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Aliwachukua wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye kinasaba kimoja cha mundu na 15 wasio nacho, akawaambukiza malaria. Kati ya wale wasio na mundu, 14 walionekana na vimelea. Kati ya wale wenye mundu, wawili tu. Mwaka 1954 akachapisha, na ukawa mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi wa asili ndani ya binadamu. Uko katika vitabu vya kiada vya dunia nzima.

Wanaume wale 30 vitabu haviwataji kwa majina. Walitoa miili yao, dunia ikapata elimu, wao wakabaki namba. Siwezi kusoma sura yoyote ya vitabu hivi vinne bila kuwakumbuka.

Kitabu cha pili ni The Coming Wave cha Mustafa Suleyman, cha mwaka 2023. Suleyman ni mmoja wa waanzilishi wa DeepMind, kampuni ambayo programu yake ya akili unde inatabiri maumbo ya protini. Ili muone ukubwa wa jambo: Max Perutz alianza kuchunguza umbo la himoglobini mwaka 1937, na picha yake ya kwanza ya maana aliipata mwaka 1959. Miaka ishirini na miwili kwa protini moja. Mwaka 2022 DeepMind ilitoa makadirio ya maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 wakuu wawili wa kazi hiyo walipata Nobel. Suleyman anasema kompyuta na bioteknolojia ni wimbi moja, linakuja kwa kasi, na kazi kubwa ya karne hii ni kulizuia lisituzamishe. Namwelewa. Mtu aliyejenga mtumbwi ule ana haki ya kuogopa maji. Ila nikimsoma nikiwa Somanda naona ameandika kwa ajili ya wanaoishi ufukweni. Tiba ile ya swichi ilipotangazwa Marekani ilipangiwa bei ya dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni tano kwa mgonjwa mmoja, na juu yake dawa kali za kusafisha uloto, na wiki kadhaa za kulazwa katika hospitali yenye maabara maalumu. Wimbi hilo halijatulowesha hata nyayo.

Profesa Calestous Juma aliliona hili mapema. Kitabu chake, Innovation and Its Enemies, si kipya sana, ni cha mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, lakini nimekibeba kwa makusudi. Juma alikulia Port Victoria, kwenye ufukwe wa ziwa letu upande wa Kenya, akaishia kufundisha Harvard. Anachambua jinsi watu walivyoipinga kahawa, mashine ya kuchapa, siagi ya kiwandani, trekta, umeme, mpaka mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anasema watu hawakatai kitu kwa kuwa ni kipya. Wanakataa wanapohisi watapoteza wao na kufaidi wengine. Nyinyi wakulima wa pamba hamhitaji kuelezwa zaidi. Mbegu ikija mnauliza ya nani, itauzwa na nani, na mwakani tutaipata wapi.

Basi turudi kwenye damu ya kichanga, kwa sababu iko njia nyingine ya kuifikia.

Kuna dawa iitwayo haidroksiyurea. Iliundwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 huko Ujerumani. Ni ya kumeza. Inafanya nini? Inaongeza himoglobini F. Mlango ni uleule uliobomolewa kwa mkasi wa bilioni tano, dawa hii inaufungua kidogo kwa kidonge cha kila siku. Haiponyi, na mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara, lakini matokeo yake tunayajua. Jaribio lililofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, kwa watoto zaidi ya 600, lilitoa majibu mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Na kwa wanaotafuta kupona kabisa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu tangu 2023, kwa kutumia uloto wa ndugu anayefanana. Hii ni Tanzania, si Nashville.

Tiba hizo zote zina sharti moja: lazima ujue mtoto anaumwa, na ni bora ujue kabla vidole havijavimba. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lilionyesha kuwa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku inapunguza maambukizi makali kwa watoto wadogo wenye selimundu kwa asilimia 84. Penisilini! Hakuna zahanati isiyoijua. Homa ya siku mbili iliyomchukua mpwa wangu huenda ingezuiwa na chupa ya penisilini. Lakini penisilini hapewi mtoto ambaye hakuna anayejua kuwa ni mgonjwa.

Wauguzi mtanisamehe nikieleza mnalolijua. Unamshika kichanga mguu, unaupasha joto, unatoboa pembeni mwa kisigino, si katikati. Tone la kwanza unalifuta. La pili unaliacha lianguke kwenye duara la kadi ya karatasi nzito, lienee lenyewe mpaka litokee nyuma. Kadi unaiacha ikauke kwenye hewa, mbali na jua, kisha kwenye bahasha. Maabara wanakata kiduara kidogo, wanakilowesha, wanakiweka kwenye jeli na kupitisha umeme. Kila himoglobini inatembea mpaka mahali pake na kusimama, inakuwa mstari. Mistari F na A, mtoto mzima. F, A na S, mzima pia, ila amebeba kinasaba kimoja. F na S bila A, huyu ndiye. Siku hizi kuna pia vipimo vya haraka, vinafanana na kile cha mimba, havihitaji umeme na vinatoa jibu kwa dakika chache.

Watafiti wa Bugando, Mwanza, wakiongozwa na Dk. Emmanuela Ambrose, walifanya jambo la busara ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote kati ya hivi. Kadi za damu za watoto kutoka mikoa ya kaskazini magharibi zilikuwa tayari zinafika kwao kwa ajili ya kupima VVU. Wakazipima kadi zilezile selimundu. Hakuna mtoto aliyetobolewa upya. Watoto 17,200. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja, na asilimia 1.2 ni wagonjwa.

Wanafunzi, fanyeni hesabu. Kama mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, ndoa moja kati ya 25 itawakutanisha wabebaji wawili. Kwao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Nasema kila mimba. Msidhani kwamba wa kwanza akiumwa watatu wanaofuata wamesalimika; kila mimba karata zinachanganywa upya. Ishirini na tano mara nne ni mia. Mmoja katika mia, karibu na kile kilichoonekana kwenye kadi. Nchi nzima tunazaa zaidi ya watoto 11,000 wenye selimundu kwa mwaka.

Kitabu cha nne nimekipenda kuliko vyote. Ni How Life Works cha Philip Ball, cha 2023. Ball anapinga lugha tuliyoizoea darasani, kwamba vinasaba ni ramani ya nyumba na mwili ni nyumba. Anasema seli inaamua mambo, tishu inaamua, mwili mzima unaamua, na kinasaba ni sauti moja katika baraza. Mwenye kuuguza selimundu anajua kuwa ni kweli. Herufi mbovu ni ileile, lakini mmoja anakufa akiwa na miaka mitatu na mwingine analea wajukuu. Tofauti ni F aliyobaki nayo, malaria alizopata, chakula, maji, na kama mama yake alijua. Isaacson naye anamtaja kijana mmoja wa Marekani mwenye selimundu aliyeulizwa kama angependa wanawe wahaririwe kabla ya kuzaliwa. Akasema ugonjwa umemfundisha uvumilivu, na pengine uamuzi aachiwe mtoto mwenyewe. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Mimi kwa mpwa wangu ningeamua papo hapo. Lakini yeye ndiye mwenye mwili.

Neno langu kwa wenye mamlaka ya elimu na afya waliomo humu ni fupi. Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza, na sehemu ya damu iliyovilisha ni ya watu wanaozungumza Kiswahili, Kisukuma, Kiluo. Naomba kiandikwe kitabu cha Kiswahili cha selimundu, chenye picha ya ile jeli na mistari yake, kiwekwe wodi ya wazazi pale hospitali yetu ya Somanda. Na kadi ziwepo pale siku zote, si wakati wa utafiti tu.

Dada yangu sasa ni bibi. Mjukuu wake alizaliwa mwaka jana, na safari hii hatukusubiri vidole. Kadi ilikwenda Mwanza, tukangoja. Jibu lilipokuja nilimsomea dada mwenyewe uani, akiwa anapepeta choroko: F, A, S. Akaweka ungo chini. Akaniuliza S inafanya nini hapo. Nikamweleza, ni kinasaba kimoja cha baba au cha mama, mtoto haumwi, ila siku akitaka kuoa aseme. Akauliza kama ataweza kulima. Nikamwambia atalima.